Watalii wakija kijijini, pesa zinabaki kwa nani?

Mwezi uliopita niliitwa kwenye kikao cha kijiji kimoja kilicho kando ya hori, hapa hapa Pwani. Vijana walikuwa wamepata mfadhili aliyetayari kuwanunulia mbao za kujenga daraja la kutembelea ndani ya mikoko. Walinitaka niwaeleze wazee faida za utalii wa mazingira, kwa kuwa nimezunguka sehemu nyingi zenye miradi kama hiyo na kuandika habari zake. Nilikwenda nikidhani kazi ni nyepesi.

Nilipomaliza maneno yangu ya utangulizi, mzee mmoja mvuvi aliinua mkono. Akasema: "Mwanangu, tumekusikia. Hapo mtakapojenga ndipo ninapopitisha dau langu maji yakijaa, na ndipo wake zetu wanapookota kombe maji yakipwa. Mgeni atapita juu ya mbao atoe mia mbili. Mimi nitapita wapi, na hiyo mia mbili ataishika nani?"

Baraza lilinyamaza. Nami nilikosa jibu la haraka, kwa sababu mzee alikuwa ameuliza maswali mawili ambayo ndiyo roho ya jambo lote hili. Tangu siku ile nimekuwa nikiyafikiria, na leo nataka kuyajibu kwa kutumia mifano ya miradi tuliyo nayo wenyewe, kutoka Kwale hadi Kilifi.

Utalii wa kijamii ni upi?

Tuanze na maana, maana neno hili limetumika vibaya. Kuna hoteli inayopanda miti mitatu mlangoni na kuandika kwenye bango kwamba ni rafiki wa mazingira. Huo si utalii wa kijamii. Utalii wa kijamii wa mazingira una mambo matatu kwa pamoja: mgeni anakuja kuona maumbile au utamaduni wa mahali, wenyeji wa mahali hapo ndio wanaomiliki au kusimamia kivutio hicho, na mapato yanatumika kuinua maisha yao na kukilinda kivutio chenyewe. Likikosekana moja, jina linabaki lakini kitu chenyewe hakipo.

Utalii tuliouzoea Pwani una njia nyingine. Mgeni hulipia safari yake yote akiwa kwao Ulaya: ndege, hoteli, chakula, hata matembezi. Akifika, anachukuliwa kwa gari la kampuni, analala na kula hotelini, kisha anarudi. Sehemu kubwa ya pesa zake hazikugusa kijiji kabisa. Kinachotufikia ni mishahara ya vijana wetu walioajiriwa humo, samaki kidogo anayenunuliwa, na vikoi vinavyouzwa ufuoni kwa kubembeleza. Sisemi hicho ni kidogo, familia nyingi zimesomesha kwa kazi za hoteli. Lakini kijiji chenye bahari, mikoko na msitu hakilipwi chochote kwa kuvitunza, na yule anayevitunza hana sababu ya kuendelea.

Gazi: pesa zinazoonekana

Mfano ninaoutaja kwanza kila mara ni Gazi, Kaunti ya Kwale. Pale kuna kikundi cha akina mama waliojenga daraja la mbao ndani ya mikoko, ambapo mgeni hulipa kiingilio, hutembezwa na kuelezwa majina na matumizi ya kila mti: mkoko wenye mizizi ya kuinama, mkandaa wa boriti, mchu wenye mizizi inayochomoza kama penseli, mlilana ulio karibu zaidi na bahari. Akitaka, atapikiwa chakula cha Kiswahili.

Pembeni ya hilo kuna mradi wa Mikoko Pamoja, unaohusu vijiji vya Gazi na Makongeni. Huu kwa hakika si utalii, lakini unakwenda na utalii mkono kwa mkono. Mikoko huvuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kwenye miti, na zaidi kwenye tope lililo chini yake. Wanavijiji wanalinda hekta 117 za mikoko na kupanda mingine, na kila mwaka huuza kiasi cha tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa watu na kampuni za nje zinazotaka kufidia uchafuzi wao. Mradi ulithibitishwa mwaka 2013, na mwaka 2017 ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ninachokipenda zaidi ni namna pesa zinavyotumika. Wanavijiji wenyewe hukaa na kuamua, na fedha zimekwenda kwenye maji na kwenye shule. Mama anayefungua mfereji karibu na nyumba yake anajua maji yale yametoka kwenye mikoko. Hahitaji semina ya kumwambia asikate.

Tena walifikiria jambo ambalo miradi mingi husahau. Watu walikuwa wakikata mikoko kwa sababu walihitaji boriti na kuni. Ukipiga marufuku bila kuwapa kitu kingine, watakata usiku, au watakwenda kukata kwa jirani. Kwa hiyo mradi ukapanda mivinje, ili mjenzi apate nguzo zake kwingine.

Wasini: wanaobeba mzigo na wanaopata faida

Ukivuka kutoka Shimoni hadi kisiwa cha Wasini, utakuta bustani ya matumbawe ya kale, mawe makubwa yaliyobaki nchi kavu baada ya bahari kurudi nyuma, yamezungukwa na mikoko. Akina mama wa kisiwa walijenga daraja la mbao juu yake na wanatoza kiingilio. Mapato yao yamesaidia karo za watoto na mahitaji ya kijiji.

Lakini karibu na hapo iko hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti, iliyotangazwa na serikali katika miaka ya 1970. Ndani ya eneo la Kisite hakuna ruhusa ya kuvua. Watalii hufika kwa wingi kuona pomboo na kupiga mbizi, na kiingilio chao hulipwa kwa shirika la serikali la wanyamapori. Kwa mvuvi ambaye baba yake alivua kwenye miamba ile, hesabu ni tofauti na ya mwenye mashua ya kubeba wageni.

Hapa ndipo swali la kwanza la mzee wangu linapoingia. Katika kila uhifadhi kuna anayefunga mkanda na kuna anayekula. Mara nyingi si mtu mmoja. Anayeacha kuvua ni mvuvi, anayelipwa ni mwenye mashua. Anayeharibiwa mahindi na ndovu ni mkulima, anayelipwa ni mwenye kambi. Mradi ukianza bila kuwahesabu wanaopoteza, hao ndio watakaouvunja, na watakuwa na haki ya kununa.

Kuruwitu: kufunga bahari kwa hiari

Tofauti yake iko Kuruwitu, karibu na Vipingo, Kaunti ya Kilifi. Pale waliofunga bahari ni wavuvi wenyewe. Waliona samaki wanapungua, matumbawe yamevunjwa, na nyavu zinarudi tupu. Mwaka 2003 wakaunda chama, na mwaka 2005 wakatenga kiasi cha hekta 30 za bahari zisivuliwe. Ndiyo tunayoiita tengefu.

Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Samaki aliyeachwa akue hutaga mayai mengi mara nyingi kuliko samaki mdogo. Eneo lililofungwa likijaa, samaki hutoka na kuingia kwenye maji yanayovuliwa. Mvuvi hapoteze, anasubiri. Kusubiri huko ndiko kugumu, kwa sababu tumbo halina subira, na hapo utalii mdogo unasaidia: wageni wanaokuja kuogelea na kutazama samaki hulipa, na chama kinapata pesa za doria na ajira. Kuruwitu nao walipata Tuzo ya Ikweta mwaka huo huo wa 2017.

Kisheria mwanya upo. Kanuni za uvuvi zinavipa vikundi vya usimamizi wa fuo, yaani BMU, nafasi ya kusimamia uvuvi katika eneo lao pamoja na serikali na kuweka sheria ndogo. Kwa msitu, sheria ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kuunda chama cha misitu na kuingia makubaliano na shirika la misitu. Mikoko ni msitu wa umma. Kijiji kikitaka kujenga daraja ndani yake, lazima kiwe na makubaliano hayo, na idhini ya mamlaka ya mazingira. Bila karatasi, kila unachojenga ni cha kubomolewa.

Gede na Mida: kumpa msitu thamani

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita mraba takriban 420, ndio msitu mkubwa wa pwani uliobaki Afrika Mashariki. Una ndege na wanyama wasiopatikana kwingi duniani, kama bundi mdogo wa Sokoke. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi wa msitu walitaka ukatwe wagawiwe mashamba. Hawakuwa watu wabaya. Nyani walikula mahindi yao, ndovu waliwatisha, na msitu haukuwapa kitu.

Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede. Wakulima walifundishwa kufuga vipepeo wa msituni: kukusanya mayai, kulisha viwavi majani ya miti wanayoipenda, na kuuza mabuu kabla hayajawa vipepeo. Mabuu hayo husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, kwenye majumba ya maonyesho. Mkulima hulipwa kwa kila buu zuri. Ili apate vipepeo anahitaji msitu usimame, na ili awalishe anapanda miti ya msituni shambani kwake. Wageni wanaofika kuona magofu ya Gede hupita pia kutazama vipepeo.

Jirani yake, kwenye hori ya Mida, kuna daraja la kuning'inia linalopita katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio chake huingia kwenye mpango ulioanza mwaka 2001, unaotoa basari kwa wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu na hori. Angalieni ujanja uliopo: pesa hazigawanywi mkononi, zinakwenda shuleni, na zinakwenda kwa watoto wa wale hasa wanaobeba mzigo wa kuishi karibu na msitu.

Tupige hesabu

Vijana wa kile kijiji walikuwa wamesema kikaoni kwamba kila mwanachama atapata mgao. Niliwaomba kalamu tukapiga hesabu pale pale. Naiweka hapa kama mfano tu, kila kikundi kiweke tarakimu zake.

Tuseme kiingilio ni shilingi 200. Miezi minne ya msimu, Desemba hadi Machi, wanakuja wageni 200 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 160,000. Miezi minane iliyobaki, pamoja na masika na kusi, wanakuja wageni 60 kwa mwezi. Hizo ni 96,000. Jumla ya mwaka ni shilingi 256,000.

Sasa matumizi. Watu wawili wa zamu, mmoja wa kutembeza wageni na mmoja wa kulinda, kila mmoja shilingi 6,000 kwa mwezi: 144,000. Zinabaki 112,000. Mbao zinazokaa kwenye maji ya chumvi zinaoza na misumari inashika kutu, kwa hiyo tuweke akiba ya ukarabati 40,000. Zinabaki 72,000.

Wanachama ni 40. Kila mmoja atapata shilingi 1,800 kwa mwaka, yaani 150 kwa mwezi. Hakuna atakayeacha kukata boriti kwa 150 kwa mwezi. Lakini hizo 72,000 zikikaa pamoja ni nyongeza ya karo ya shilingi 12,000 kwa wanafunzi sita. Watoto sita wasiorudishwa nyumbani kijiji kizima kitawaona.

Somo la hesabu hii ni mambo mawili. Utalii wa kijiji hautamtajirisha mtu mmoja mmoja, na anayewaahidi hivyo anawadanganya. Na pesa ndogo ikigawanywa hupotea, ikikusanywa huonekana.

Akiba ya ukarabati nayo si ya kuchezewa. Nimeona daraja moja ambalo lilizinduliwa kwa ngoma na hotuba, na miaka michache baadaye mbao zilikuwa zimeng'oka katikati, wageni wanageuzia njiani. Mfadhili alishaondoka. Kikundi hakikuwa kimeweka hata shilingi ya misumari.

Siku wageni wasipokuja

Kuna jambo jingine ambalo lazima lisemwe. Utalii ni biashara ya hofu ya watu wa mbali. Katika Kwale kuna hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje, jirani na Shimba Hills. Katikati ya miaka ya 1990 wakulima waliochoka kuliwa mazao na ndovu walikubali kuunganisha mashamba yao yawe hifadhi, nao wakawa wanalipwa kutokana na viingilio. Lilikuwa wazo zuri na liliungwa mkono. Lakini Agosti 1997 zikaja ghasia za Likoni, watalii wakakimbia Pwani, na mapato ya wakulima wale yakaanguka. Mkulima aliyeacha shamba lake hana mahindi na hana mgao.

Tuliona tena mwaka 2014 nchi za nje zilipowaonya raia wao wasije Pwani, na tukaona mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege. Hata biashara ya mabuu ya vipepeo inategemea ndege ziruke.

Kwa hiyo kijiji kisiuze jembe wala wavu kwa sababu ya mtalii. Mapato ya wageni yawe nyongeza juu ya uvuvi, kilimo, mizinga ya nyuki na mengineyo. Na wageni wenyewe wasiwe wa nje pekee. Shule za Mombasa, wanafunzi wa vyuo, familia zinazoshuka kutoka bara likizo ya Desemba: hao wote ni wageni, wanalipa kwa shilingi, na hawasubiri tangazo la ubalozi.

Heshima ina mipaka yake

Utamaduni nao unauzwa, na hapa tuwe waangalifu. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni mfano wa wazee waliofungua mlango kwa masharti yao. Msitu wa kaya ni mahali pa ibada na makaburi. Mgeni hufungwa kaniki, hutembea na mwenyeji, haokoti hata jani, na kuna mahali hafiki. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na Kinondo ni miongoni mwake. Sifa hiyo haikuwafanya wazee walegeze masharti. Mgeni huheshimu mahali panapojiheshimu.

Nilichowajibu

Nikirudi kwa mzee wangu. Kwa swali lake la kwanza, atapita wapi, nilimwambia kwamba wanaojenga hawana ruhusa ya kuamua bila yeye. Njia ya madau na mahali pa kuokota kombe vichorwe kwanza, ndipo daraja lichorwe. Wavuvi na akina mama wa kombe wawe na viti kwenye kamati, na watoto wao wawe wa kwanza kwenye basari, kwa kuwa wao ndio wanaotoa nafasi.

Kwa swali la pili, nani atashika mia mbili, niliwaomba wakubaliane mambo haya kabla ya kupokea ubao hata mmoja: kikundi kisajiliwe na kiwe na katiba; kuwe na makubaliano ya maandishi kuhusu msitu; njia ya kufika ufuoni iwekwe kwenye karatasi ili kesho asitokee mwenye hati akaweka ua; kila kiingilio kiwe na risiti yenye namba, au kilipwe kwa simu moja kwa moja kwenye akaunti ya kikundi; watia sahihi wawe watatu, na angalau mmoja awe mwanamke; na kila miezi mitatu daftari lisomwe hadharani, siku ya baraza, mbele ya mwanachama na asiye mwanachama.

Kijana mmoja alilalamika: "Lakini mfadhili anataka jibu mwezi huu." Yule mzee ndiye aliyemjibu: "Mwambie angoje. Mikoko imengoja miaka yote hiyo."

Walikubaliana kumwandikia mfadhili waombe muda, na wakachagua watu saba wa kwenda kutembea horini na wavuvi wakati wa bamvua, waone maji yanafika wapi. Mzee ni mmoja wao. Sijui kama daraja litajengwa. Ninachojua ni kwamba likijengwa, litakuwa na mtu wa kulitengeneza ubao ukioza.